Waruhiu Itote

Waruhiu Itote (1922 – 30 Aprili 1993), anayejulikana zaidi kwa jina la Jenerali China, alikuwa askari na mpigania uhuru kutoka Kenya. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliitumikia Uingereza kama askari wa King's African Rifles (KAR) huko Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma (Myanmar ya leo). Miaka michache baada ya kurudi nyumbani aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya dhidi ya Uingereza hiyohiyo. Alikamatwa mwaka 1954, akahukumiwa kifo, akasamehewa adhabu hiyo, akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta, na baada ya uhuru akawa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Kitabu chake cha kumbukumbu, *"Mau Mau" General*, kilichotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967, ni kati ya maandishi machache ambamo askari wa Afrika Mashariki anasimulia mwenyewe safari ya kwenda kupigana Asia na mabadiliko iliyoyaleta katika fikra zake.

Maisha ya awali

Itote alizaliwa katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini, katika wilaya ya Nyeri, kwenye familia ya wakulima Wakikuyu. Alisoma miaka michache tu. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, alikwenda Nairobi kutafuta riziki. Pamoja na rafiki zake alijaribu biashara ya mboga, lakini Waafrika waliwekewa vikwazo vingi katika kupata leseni za biashara, na ilikuwa vigumu kushindana na wafanyabiashara wa mataifa mengine.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi. Mwafrika mwanamume alilazimika kubeba kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole na habari za kazi yake, na angeweza kukamatwa akikutwa hana. Mitaa ya kuishi, mishahara na hata vyoo vilitengwa. Itote alikulia katika hali hiyo, na anaeleza kwamba wakati huo alikuwa bado hajajiuliza maswali mengi ya siasa. Alichokitafuta ni kazi.

Kujiunga na jeshi

Mnamo Januari 1942 Itote alijiunga na KAR, jeshi ambalo askari wenyewe waliliita Keya. Wakati huo Japani ilikuwa imeingia vitani mwezi mmoja tu uliopita, na makoloni ya Uingereza huko Asia yalikuwa yakianguka moja baada ya jingine. Singapore ilisalimu amri Februari 1942, na katika miezi iliyofuata Wajapani wakaiteka Burma. Waingereza walihitaji askari wengi wapya, na Afrika Mashariki ikawa moja ya sehemu walikowapata.

Vijana waliingia jeshini kwa sababu mbalimbali. Wengine walilazimishwa au kupelekwa na machifu, wengine walivutwa na mshahara, sare na chakula cha uhakika. Itote alikuwa kati ya wale walioingia kwa kukosa kazi ya maana. Alipangwa katika batalioni ya 36, iliyokuwa na askari wengi wa Tanganyika, na huko Tanganyika ndiko alikoanza maisha ya kijeshi.

Mafunzo

Maisha ya kuruta wa Keya yalianza kwa gwaride, usafi wa vifaa, mwendo mrefu wa miguu wenye mizigo mgongoni, na mazoezi ya shabaha. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Maofisa Waingereza walitakiwa kukijifunza ili waweze kutoa amri, na vijana waliotoka Nyasaland, Uganda, Kenya na Tanganyika walikitumia kuzungumza wao kwa wao. Kwa wengi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuishi karibu na watu wa makabila ya mbali. Itote alieleza baadaye kwamba ni katika miaka ya jeshi alipoanza kujiona kuwa Mkenya, si Mkikuyu tu.

Ubaguzi haukuachwa nje ya lango la kambi. Askari Mwafrika alilipwa pungufu kuliko Mzungu wa cheo hichohicho, na katika KAR kamisheni ya uofisa ilibaki kuwa ya Wazungu. Itote mwenyewe alipanda hadi cheo cha koplo.

Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo batalioni ya 36 ilikuwa sehemu yake, na ikapelekwa Ceylon. Kisiwa hicho kilikuwa ngome muhimu ya Waingereza katika Bahari ya Hindi na pia mahali pa mafunzo. Askari waliozoea nyika na milima ya Afrika Mashariki walifundishwa vita vya msituni: kwenda doria kimya, kuvizia, kusoma nyayo, kujificha, kuchimba mahandaki kwa haraka, na kulala kwenye mvua bila kuwasha moto.

Safari yenyewe ya baharini ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya *Khedive Ismail*, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Kikosi cha Itote kilikuwa kimeshavuka.

Vitani Burma

Mwaka 1944 Wajapani walijaribu kuingia Uhindi kupitia Imphal na Kohima, wakashindwa. Jeshi la 14 la Uingereza, chini ya Jenerali William Slim, likaanza kuwafukuza kurudi Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kushuka kwenye bonde la Kabaw, kusini mwa mji mdogo wa Tamu, wakati wa mvua kubwa za monsuni, kipindi ambacho majeshi kwa kawaida yalisimamisha mapigano.

Bonde hilo liliitwa na askari Bonde la Mauti. Barabara ziligeuka matope ambayo magari hayakuweza kupita. Malaria na maradhi mengine yaliwaangusha watu kama risasi zilivyowaangusha, na ruba waliwanyonya damu miguuni. Njiani walikuta maiti za askari wa Kijapani waliokufa kwa njaa na maradhi wakati wa kurudi nyuma. Chakula na risasi vililetwa na ndege na kudondoshwa kwa miavuli, kwa hiyo siku ambazo mawingu yalifunga, askari walikaa na njaa. Adui hakuonekana kwa urahisi. Wajapani waliobaki nyuma walijichimbia kwenye mahandaki yaliyofunikwa magogo, wakangoja mpaka doria ifike karibu kabisa.

Katikati ya Novemba 1944 divisheni ilifika Kalemyo, ikakutana na Divisheni ya 5 ya Uhindi iliyokuja kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa Desemba iliuteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Wahandisi wakajenga hapo daraja la vipande vya chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko daraja jingine lolote la aina hiyo kwa wakati ule, na kupitia hapo jeshi likaingia katikati ya Burma. Itote alipigana katika uwanja huo wa Kalewa. Kazi ya divisheni ilipokwisha, Waafrika Mashariki walirudishwa Uhindi kupumzika na kujipanga upya.

Jambo ambalo Itote alilikumbuka sana kutoka mstari wa mbele lilihusu utu kuliko ushujaa. Anasimulia kwamba pale mabomu yalipokuwa yakianguka, majivuno ya Wazungu yalipotea. Mweusi na mweupe walikunywa chai ileile, wakatumia maji na vyoo vilevile, wakacheka mizaha ileile, na matusi ya rangi hayakusikika. Kwa kijana aliyetoka Nairobi ya kipande hilo lilikuwa somo: ubaguzi haukuwa sheria ya maumbile. Ulikuwa desturi ya watu, na watu wangeweza kuuacha walipotaka.

Mazungumzo yaliyombadilisha

Katika kitabu chake Itote anataja mazungumzo kadhaa ya wakati wa vita kuwa chanzo cha fikra zake za siasa.

La kwanza lilikuwa na askari Mwingereza mwaka 1943. Mwingereza huyo alisema kwamba yeye alikuwa akipigania nchi yake mwenyewe, lakini hakuelewa kwa nini Waafrika walikubali kufa kwa ajili ya dola iliyowatawala badala ya kupigania uhuru wao. Itote anakiri kwamba hakuwa na jibu, na swali hilo halikumtoka tena kichwani.

La pili lilikuwa na askari Mmarekani mweusi anayemtaja kwa jina la Stephenson. Huyo alimweleza habari za watu weusi wa Marekani, na za Haiti, ambako watumwa waliasi na kuanzisha nchi yao wenyewe. Alimwonya asitegemee kwamba wakoloni wangewashukuru Waafrika baada ya vita kwa sababu tu waliwasaidia kushinda.

Mengine yalikuwa na Wahindi, wakati wa likizo katika mji wa Calcutta. Bengal ilikuwa imetoka kwenye njaa kubwa ya mwaka 1943 iliyoua watu wengi sana, na harakati za kudai uhuru zilikuwa zimepamba moto. Wahindi walimwambia kwamba wao walidai uhuru kama malipo ya kushiriki vita, wakamuuliza Waafrika wamedai nini. Waafrika hawakuwa wamedai chochote. Uhindi ilipopata uhuru mwaka 1947, maneno hayo yalipata uzito mpya kwa Itote na kwa askari wenzake waliokuwa wamerudi makwao.

Kurudi Kenya

Baada ya vita Itote aliachishwa jeshi. Alifanya kazi katika shirika la reli akiwa mchochea moto wa injini za garimoshi, na kwa kazi hiyo aliweza kusafiri na kukutana na watu wengi.

Kenya aliyoikuta haikuwa imebadilika. Kipande kilikuwa palepale. Serikali iliandaa mpango wa kuwapa mashamba katika nyanda za juu askari wa zamani Wazungu, lakini Waafrika waliopigana vita hivyohivyo hawakuhusishwa. Katika hifadhi za Wakikuyu ardhi ilizidi kuwa haba, na maskwota waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya walowezi walifukuzwa kwa maelfu. Itote alijiunga na Kenya African Union (KAU), chama kilichoongozwa na Kenyatta kuanzia mwaka 1947, na akashirikiana na vijana wa Nairobi waliojiita Kundi la Arobaini. Mwaka 1950 alikula kiapo cha Mau Mau.

Jenerali wa Mlima Kenya

Mwaka 1952, miezi michache kabla ya serikali kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, Itote aliingia msituni na kundi dogo la vijana ili kuwafundisha kupigana. Akachukua jina la Jenerali China. Wakati Dedan Kimathi na Stanley Mathenge waliongoza vikosi vya Nyandarua, yeye aliongoza vya Mlima Kenya, na watu waliokuwa chini yake walifikia maelfu.

Mafunzo ya Keya yalionekana katika namna alivyopanga vikosi. Kulikuwa na vyeo, zamu za ulinzi, doria, kumbukumbu za maandishi na adhabu kwa wavunja nidhamu. Mbinu za kuvizia na kuishi msituni kwenye mvua zilikuwa zilezile za Ceylon na Kabaw. Tofauti ilikuwa katika vifaa. Burma ndege zilimletea chakula na risasi. Mlima Kenya chakula kililetwa usiku na wanawake na watoto kutoka vijijini, na bunduki nyingi zilitengenezwa kwa mikono kwa kutumia mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira. Na upande wa pili, pamoja na askari kutoka Uingereza, walikuwamo batalioni za KAR, jeshi lake la zamani.

Wanahistoria wamejadiliana kuhusu mchango wa askari wa zamani katika Mau Mau. Wengi waliotoka Burma walirudi kwenye kilimo, biashara au kazi za serikali na hawakuingia msituni, na wengi wa wapiganaji walikuwa vijana ambao hawakuwahi kuwa askari. Kwa hiyo maisha ya Itote hayaelezi habari ya kila askari aliyerudi. Umuhimu wake ni kwamba yeye alieleza wazi jinsi vita vya ng'ambo vilivyompeleka kwenye vita vya nyumbani.

Kukamatwa na mazungumzo ya amani

Tarehe 15 Januari 1954, karibu na Karatina, Itote alipigwa risasi shingoni katika mapambano na kukamatwa. Alihojiwa kwa saa 68 na Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyezaliwa Uskoti, kukulia Nyeri na kuzungumza Kikuyu kwa ufasaha. Mwezi Februari mahakama huko Nyeri ilimhukumu kifo kwa kosa la kushirikiana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi.

Serikali iliona faida ya kumtumia kama mpatanishi. Itote alikubali kuwaandikia viongozi wa msituni kuwaomba wajadili kusalimisha silaha, na mwezi Machi hukumu yake ikabadilishwa kuwa kifungo. Baadhi ya wapiganaji walianza kukusanyika, lakini mwanzoni mwa Aprili kikosi cha KAR kilishambulia kundi mojawapo huko Gathuini. Waliosalimika walikimbilia msituni, na mazungumzo yakavunjika.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake iliyoleta ubishi mkubwa. Habari alizotoa wakati wa kuhojiwa ziliwapa Waingereza picha ya wazi ya muundo wa Mau Mau, na baadhi ya wenzake walimwona kuwa msaliti. Yeye alijitetea kwamba alitaka kuokoa maisha ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa na mabomu msituni, na kwamba mazungumzo yangeilazimisha serikali kuwatambua wapiganaji.

Lokitaung

Itote alipelekwa Lokitaung, katika eneo kame la Turkana kaskazini mwa Kenya. Huko walikuwa wamefungwa Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Bildad Kaggia, ambaye naye alikuwa askari wa zamani aliyetumika Mashariki ya Kati na Uingereza wakati wa vita. Kenyatta alimfundisha Itote Kiingereza, na daftari lake la mazoezi ya wakati huo limehifadhiwa na kuchapishwa na wanahistoria. Wafungwa hao waligawanyika na kugombana vikali. Mfungwa mmoja alipomvamia Kenyatta kwa kisu, Itote aliingilia kati kumwokoa.

Itote aliachiliwa mnamo Juni 1962, baada ya miaka zaidi ya minane kifungoni.

Baada ya uhuru

Baada ya kuachiliwa alipelekwa Israeli kwa mafunzo ya kijeshi. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa mwaka 1964, akawa mmoja wa viongozi wake. Huduma hiyo iliwachukua vijana wasio na kazi, ikawapa nidhamu ya kambi, ufundi na kazi za kujenga barabara na mabwawa. Itote alifanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 1984. Alifariki tarehe 30 Aprili 1993.

Maandishi na urithi

Mbali na kitabu cha mwaka 1967, Itote alitoa *Mau Mau in Action* mwaka 1979. Kumbukumbu zake za Burma ziliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya matukio, na mtu aliyekwisha kuwa jenerali wa msituni, mfungwa na mtumishi wa serikali ya Kenyatta. Kwa sababu hiyo watafiti huzisoma kwa uangalifu, hasa mazungumzo yanayoonekana kumwandaa moja kwa moja kwa yaliyofuata. Hata hivyo zimebaki chanzo muhimu, kwa kuwa historia nyingi za vita vya Burma ziliandikwa na makamanda na maofisa, na askari wa kawaida wa Keya hutajwa humo kwa namba za batalioni tu.

Itote hakuishi kuona marufuku ya Mau Mau ikiondolewa. Chama hicho kilichopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950 kilibaki haramu kisheria hata baada ya uhuru, hadi mwaka 2003. Maelfu ya Waafrika Mashariki waliokwenda Asia pamoja naye hawakuandika chochote. Baadhi yao wamezikwa katika makaburi ya vita ya Myanmar, Uhindi na Sri Lanka, na wengine hawana kaburi linalojulikana.